MISHUMAA YA NYUMBANI NA HESABU YA VITU TULIVYOKWISHA KUNUNUA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu la Tabora. Yachapwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini siku ile.)



Halmashauri imenitaka niseme juu ya uwekevu wa nyumbani, nami nimeomba ruhusa ya kuupunguza mzigo huo. Uwekevu ni neno pana mno. Mtu akisimama kulihubiri, aghalabu huishia kuwakaripia wenziwe kwa sukari wanayotia katika chai. Basi nitasema habari za mshumaa, na za vitu vichache vinavyofanywa kwa mabaki ya nyumba, nanyi mtapima wenyewe kama pana faida au hapana.

Nimeuchagua mshumaa kwa sababu ya kazi yetu. Walio wengi humu ukumbini hulishwa na kalamu. Najua siku hizi kalamu imegeuka kompyuta, lakini kazi ni ile ile: kuandika kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Karani wa stoo hapati usingizi kama kalamu tatu za risasi hazionekani katika daftari lake. Lakini karani huyo huyo akirudi kwake jioni, hajui mwezi uliopita alinunua mishumaa mingapi, wala masalio yake yamekwenda wapi. Wazee walinena ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi ndio wenye madaftari, na mali yetu yapotea bila habari kuliko ya mkulima asiyejua kuandika, ambaye huhesabu mahindi yake kwa macho kila akiingia ghalani.

Niruhusuni nianze na debe, maana ndilo mama wa vitu vingi nitakavyovitaja.

Mwisho wa karne ya 19 mafuta ya taa yalikuwa yakiletwa pwani yetu kwa meli, kutoka Marekani na Urusi. Yalikuja katika makopo makubwa ya bati ya pembe nne, yenye ujazo wa galoni 4 za Kiingereza, yaani kama lita 18, na makopo mawili yalitiwa ndani ya sanduku moja la mbao. Mwenye kununua alilipia mafuta. Bati na sanduku vilikuwa gamba tu la kile alichokinunua, kama ganda la ndizi. Lakini tazameni watu wetu walivyofanya. Debe lilikatwa mdomo, likatiwa mti wa kushikia, likawa ndoo ya kisimani. Lilipotoboka, lilipasuliwa likanyooshwa, likawa paa la nyumba au mlango wa banda la kuku. Lililobaki likawa karai, kikaango, jiko, sanduku la safari, na taa. Mbao za sanduku zikawa rafu na viti. Hata neno lenyewe liliacha kuwa jina la chombo likawa jina la kipimo, na mpaka leo mtu akitaja debe la mahindi, hakuna anayewaza mafuta. Mizani ndiyo kipimo cha haki, na mkulima yafaa aidai. Walakini sijui kama kuna mji mwingine wowote ulimwenguni ambako kopo tupu lilipanda cheo kiasi hicho.

Mafundi bati walioifanya kazi hiyo hawakupata kusomewa hotuba. Walikuwa na hesabu moja kichwani: kitu hiki kimekwisha kununuliwa mara moja, basi kila kazi kitakayoifanya tena ni faida. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka tuichukue, lakini tusiichukue nusu, kwa maana hesabu ya nusu imewaua watu.

Nasema hivyo nikiifikiria koroboi, ambayo wengine huiita kibatari. Nayo ni mtoto wa debe: kopo dogo la maziwa au la dawa, kifuniko kilicholehemiwa, mrija wa bati, na utambi wa kitambaa. Bei yake ni ndogo, mafuta yake hununuliwa kwa kibaba. Ukitazama daftari la siku moja, hakuna taa iliyo rahisi kuliko koroboi. Wengi wetu tuliokulia vijijini tulisoma kwa mwanga wake, na kwa hiyo twaipenda kama mtu apendavyo ndugu aliyemlea vibaya.

Lakini fungueni ukurasa wa pili wa daftari. Wataalamu waliozipima taa za namna hii, na kutangaza walichokiona mwaka 2012, walikuta ya kwamba katika kila gramu 100 za mafuta zinazochomwa na utambi ulio wazi, gramu 7 mpaka 9 hutoka kuwa masizi meusi. Masizi hayo hayaendi kwa jirani. Yako katika dari, katika chandarua, katika tundu za pua za mtoto anayeinama juu ya kitabu ili aione herufi. Kisha koroboi haina kioo wala kitako kizito. Paka akipita, yaanguka, na mafuta humwagika yakiwaka. Zaidi ya hayo, mafuta ya taa huhifadhiwa katika chupa za soda, na kila mganga wa hospitali aweza kuwaambia habari za watoto wadogo waliokunywa wakidhani ni maji. Tena kuna uchakachuaji. Zamani wenye magari waliuziwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, kwa kuwa mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo; ndiyo sababu Serikali yetu iliupandisha ushuru wake mwaka 2011, na Kenya nayo ikaweka tozo ya namna hiyo mwaka 2018. Kwa anayewasha koroboi hatari kubwa ni ya upande wa pili: petroli kidogo ikiingia katika mafuta ya taa, koroboi hulipuka mkononi.

Kwa hiyo, Mabwana na Mabibi, sitawafundisha kutengeneza koroboi, ingawa ni kazi ya mkono iliyo nzuri na yenye ustadi. Kitu kinachopunguza shilingi mfukoni na kuongeza moshi kifuani hakimo katika uwekevu. Kimehamishwa tu kutoka ukurasa huu hadi ule, kama afanyavyo karani mwizi.

Sasa nije kwenye mshumaa. Mshumaa ni taa isiyo na chombo. Mafuta yake ni yabisi, na hushikilia utambi wake wenyewe. Ukitaka kuelewa namna unavyofanya kazi, uwashe, uuache dakika mbili, kisha uupulize. Utaona uzi wa moshi mweupe ukipanda kutoka katika utambi. Lete kibiriti karibu na moshi huo, bila kuugusa utambi, nao moto utarukia chini na mshumaa utawaka tena. (Hapa msemaji alionyesha jambo hilo mara mbili.) Basi kiwakacho si utambi, wala si nta iliyo yabisi. Joto huyeyusha nta, utambi huinyonya kama kitambaa kinyonyavyo maji, nta hugeuka mvuke, na mvuke ndio uwakao.

Hilo si jambo langu. Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alilionyesha London mbele ya vijana katika hotuba 6 juu ya mshumaa mmoja, kati ya Desemba 1860 na Januari 1861, na hotuba hizo zikapigwa chapa kuwa kitabu. Faraday alianza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu. Elimu yake ya kwanza aliipata kwa kuvisoma vile alivyoletewa avishone. Nawataja hilo mapema kwa sababu nitarudi kwenye habari ya mikono.

Mishumaa ya zamani ya Ulaya kwa maskini ilikuwa ya shahamu ya ng'ombe na kondoo, nayo ilinuka na kutoa moshi, na utambi wake ulitaka kukatwa kila mara. Mambo mawili yaliubadilisha, yote katika Ufaransa, yote karibu na mwaka 1825. Chevreul na Gay-Lussac walipata hati ya kufanya mishumaa kwa stearini, iliyotolewa katika shahamu, ngumu na isiyonuka. Na Cambacérès alifikiri kuusuka utambi badala ya kuusokota. Utambi uliosukwa hujipinda kando unapowaka, ncha yake hutoka nje ya moto ikaungua kuwa jivu, na hapana haja ya kuukata kila mara. Jambo dogo kama hilo, la nyuzi tatu, liliwapumzisha watumishi wa nyumba nyingi. Baadaye ikaja parafini, itokayo katika mafuta ya ardhini, na hiyo ndiyo mishumaa myeupe tununuayo madukani leo.

Sasa kazi yenyewe. Kila nyumba inayowasha mishumaa umeme unapokatika huacha masalio: matone juu ya sahani, vipande vya chini visivyoweza kusimama. Tuseme nyumba yachoma mishumaa 8 kwa mwezi, na kila mmoja waacha gramu 5. Hiyo ni gramu 40, nao ndio uzito wa mshumaa mmoja wa kadiri. Basi mshumaa wa tisa umo ndani ya nyumba yako, umekwisha kuulipia, nawe waukwangua kwa kisu na kuutupa jaani. Kwa mwaka ni mishumaa 12. Si utajiri, lakini katika ofisi, kitu kipoteacho mara 12 kwa mwaka kwa sababu ile ile huandikiwa barua.

Kusanya masalio katika kopo lenye kifuniko. Yakifika kiasi cha kutosha, ondoa vijiti vya kibiriti na tambi zilizoungua. Kisha tia maji katika sufuria, na kopo la masalio likae ndani ya maji hayo juu ya kipande cha bati au jiwe bapa, lisiguse kitako cha sufuria. Usiweke kopo la nta juu ya moto wenyewe hata siku moja. Maji hayapiti joto la nyuzi 100, na hapa kwetu Tabora, penye mwinuko wa mita 1,200 hivi, huchemka kabla ya kufika nyuzi hizo. Nayo parafini huyeyuka katika nyuzi 46 mpaka 68. Kwa hiyo maji ni mlinzi wa moto wako. Nta iliyowekwa juu ya makaa haina mlinzi. Huzidi joto bila kuonyesha dalili, kisha huwaka yote kwa ghafula.

Hapa daftari latuita tena. Mtu akiwasha jiko la mkaa kwa ajili ya kuyeyusha masalio ya gramu 40, amechoma mkaa wenye thamani kupita mshumaa aliouokoa. Yeye si mwekevu, ni mchezaji. Sufuria yawekwa juu ya makaa yaliyobaki baada ya kupika chakula cha jioni, wakati yanapofifia. Makaa hayo nayo ni masalio.

Utambi wataka pamba halisi. Katika nyumba zetu hakuna kitu kilichozaa matumizi kama kanga: ikiwa mpya huvaliwa, ikichakaa hubebea mtoto, kisha huwa kata ya kubebea ndoo, kisha kitambaa cha jikoni. Lakini si kila kanga ya siku hizi ni ya pamba. Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukiungua ukaacha jivu jepesi lenye harufu ya karatasi iliyochomwa, ni pamba. Ukijikunja na kuwa kitone kigumu cheusi, una plastiki ndani yake, nao haufai, kwa kuwa huyeyuka katika moto. Suka nyuzi tatu kama nywele za msichana, uchovye msuko huo katika nta ya moto mpaka mapovu yaishe, uunyooshe, uuache upoe. Unene wake ni jambo la kujaribu. Utambi mwembamba huzama katika nta yake. Utambi mnene hutoa moshi. Kabla ya kuwasha, ukate ubaki robo ya inchi.

Kwa kalibu, waliofika mbali huenda dukani. Nasi tunao mwanzi. Kata pingili moja, uipasue sawasawa katikati kwa urefu, uifunge tena kwa uzi, uilowanishe ndani kwa maji. Utambi upite katikati, umefungwa juu kwa kijiti na chini kwa fundo lililozibwa kwa udongo. Nta imiminwe ikiwa imepoa kidogo, na baada ya saa moja iongezwe tena, maana nta ikiganda hunywea na kuacha shimo karibu na utambi. Ikiisha kupoa kabisa, fungua uzi, na mshumaa utatoka kama mhogo uliomenywa. Pakiti la maziwa la karatasi ngumu nalo lafaa. Chupa ya plastiki haifai. Joto huikunja, na nta humwagika mguuni.

Watoto watataka rangi. Wape kipande kidogo tu cha kalamu ya rangi ya nta, kwa kuwa chembechembe zake huziba utambi. Na karani asije akaleta lakiri ya ofisini akidhani ni nta nyekundu. Lakiri ina utomvu na rangi, na ile ya zamani ilitiwa rangi yenye zebaki. Moshi wake si wa kuvutwa na mtu.

Baada ya kusema hayo juu ya parafini, mwana wa Tabora yeyote atauliza: Je, nta ya nyuki? Twakaa katikati ya miombo. Asali ya nchi hii yajulikana kila mahali, na nta yake ilikuwa ikisafirishwa ng'ambo tangu zama za Wadachi. Hata hivyo mpaka leo wako warina asali wanaokamua masega kisha huyatupa, na wapishi wa wanzuki wanaomwaga machicha yenye nta ndani yake. Katika mizinga ya magome na magogo, ambayo masega yake hukatwa yote, kilo 10 za asali hufuatana na karibu kilo moja ya nta. Kuitoa si kazi ngumu. Yatie masega katika gunia safi, uyachemshe taratibu ndani ya maji, bora ya mvua, uligandamize gunia kwa mti, kisha uache vyote vipoe usiku kucha. Asubuhi nta itakuwa imeganda juu kama mkate, na taka imeshika upande wa chini, ukwangue. Tumia sufuria ya alumini. Chuma na shaba huitia nta weusi, na mnunuzi hushusha bei.

Kwa mshumaa, nta ya nyuki hung'ang'ania kalibu, basi yafaa kuchovya. Jaza kopo refu, chovya utambi, utoe, upoe, chovya tena, mara 20 au 30, mpaka unene utoshe. Unawaka kwa harufu ya msitu.

Lakini je, tuuwashe? Mimi nasema tusiuwashe. Kilo ya nta safi ya nyuki sokoni ina thamani kupita kilo ya mishumaa ya dukani. Wanaitaka watengenezaji wa mafuta ya kupaka na wa dawa za viatu na mbao. Wafugaji wa mizinga ya kisasa huitaka kwa kutengenezea misingi ya masega. Makanisa, kwa mapokeo ya zamani, huipenda kwa altare. Mwenye kuichoma ili apate mwanga wa kulia ugali ni sawa na mwenye kupikia kwa kuni za mpingo. Uza nta, au ifanye mishumaa mizuri uiuze mishumaa, na kwa fedha hiyo nunua taa. Mke wa mtumishi mwenye kopo mbili, jiko linalofifia na mnunuzi wa kuaminika ana kazi hapo, na fedha yake haitangoja mwisho wa mwezi.

Na taa hiyo iwe gani? Mwanga wa mshumaa mmoja ni kama lumeni 12. Balbu ya LED ya wati 5 hutoa lumeni 400 au zaidi, yaani mishumaa zaidi ya 30 kwa pamoja. Ikiwashwa saa 3 kila usiku kwa siku 30, haitumii hata nusu ya yuniti moja ya umeme. Baada ya hesabu hiyo hapana mtu awezaye kusema mtoto asome kwa mshumaa ili kubana matumizi. Mtoto asome kwa balbu, au kwa taa ndogo ya jua pale ambapo nguzo hazijafika. Mshumaa ni wa saa ile umeme unapokatika, wa kutafutia viatu na kumalizia chakula. Nimeusifu muda wote huu, na cheo chake ni hicho.

Bwana Mwenyekiti, najua wako wanaowaza kimoyomoyo: haya ni mambo ya watu wasio na mshahara, mtu aliyesoma akionekana ameinama juu ya kopo la nta, majirani watasemaje? Hilo ndilo lililonileta hapa, kupita mshumaa wenyewe. Tumejizoesha kuamini kwamba kalamu ilitununua mikono yetu. Kiti kikivunjika mguu, twamwita fundi. Kola ya shati ikichakaa, twanunua shati, ingawa mama zetu walijua kuigeuza kola ndani nje, na shati likaishi miaka miwili zaidi. Kisha mwezi haujafika tarehe 20, karani yuko dirishani kwa mkopeshaji. Na siku moja barua ya kustaafu hufika, kwa hiari katika miaka 55 au kwa lazima katika 60, na mtu mwenye nguvu zake huketi barazani akiwa hajui kufanya lolote kwa vidole vyake ila kutia sahihi.

Yupo mtu mmoja wa kumkumbuka. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa upande wa Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, na kwa muda alikuwa mtumishi katika hospitali ya Muhimbili. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alichukua mbao laini za dari, akazikata vipande vya mraba, akapaka kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, na ndege na chui wake wakang'aa kwa sababu rangi yenyewe ilikuwa ya kung'aa. Alifariki mwaka 1972, hata miaka 5 haijatimia. Leo jina lake ni jina la namna nzima ya uchoraji, na mamia ya watu hula kwa kazi hiyo. Sidai kila mtumishi ni Tingatinga. Nasema tu kwamba hakungoja vifaa, wala cheo chake hakikumkataza.

Kazi nyingine nitazipita upesi, kwa maana mnazijua. Matairi huwa katambuga, viatu visivyokwisha. Mfuko wa saruji wa karatasi, ukikung'utwa vizuri nje ya nyumba na mtu akifunga pua, hufungia vitabu vya shule. Ni karatasi imara kuliko inayouzwa. Waya huwa gari la mtoto. Vipande vya mishono huwa mto au zulia la mlangoni. Mifuko ya plastiki, ambayo Kenya iliikataza Agosti 2017 na sisi Juni 2019, ilitufundisha upya thamani ya kikapu cha ukindu.

Neno moja la tahadhari kwa makarani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ofisi za Serikali zilituma bahasha moja mara nyingi, kwa kubandika karatasi juu ya anwani ya zamani. Huo ulikuwa uwekevu wa ofisi kwa faida ya ofisi. Karatasi zilizotupwa katika kikapu cha ofisi si masalio ya nyumba yako. Ni mali ya umma, na nyingine zina majina na siri za watu. Asiwepo mwanachama atakayefunga maandazi kwa jalada la mtu.

Mwisho, moto. Nta ikishika moto, usimwagie maji. Maji huzama chini ya nta ya moto, hugeuka mvuke mara moja na kuirusha nta inayowaka usoni pako. Funika kopo kwa kifuniko au bati, au tia mchanga, na uondoe makaa. Kifuniko kikae karibu kabla hujaanza, si baadaye. Mshumaa unaowaka usimame juu ya sahani ya bati, mbali na pazia na chandarua, wala usiachwe na mtoto aliyelala. Mtu akitoka chumbani, mshumaa utoke naye au uzimike.

Jumamosi ijayo saa 9 alasiri, nyuma ya ukumbi huu, tutafanya kazi yenyewe. Kila mwanachama alete masalio aliyo nayo, kopo moja safi, na kitambaa cha kujaribia uzi. Mwanzi nitaleta mimi. Mabibi waliokwisha kuiuza nta wameahidi kuja kutueleza bei, kwa hiyo maswali ya bei tuyawekee siku hiyo. Mengine nitayajibu sasa.